Kopo Moja la Rangi ya Mashua

Ninayo mashua ndogo ya tanga. Naungama mapema, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikiandika juu ya katiba, bajeti na chaguzi, na wapo watakaosema kwamba mhadhiri mwenye mashua ameshahama tabaka. Watulie. Mashua yenyewe ina urefu wa mita 5 na nusu, imeundwa kwa mbao na misumari na fundi wa mitumbwi ya dagaa huko Ukerewe, na bei yake haikuwa mbali na ya bodaboda mpya. Niliinunua kwa sababu marehemu baba, aliyezaliwa Ukerewe akahamia Mirongo akiwa kijana, alivuka ziwa hili kwa tanga miaka mingi kabla ya injini kuenea, na alikufa kabla sijapata akili ya kumwomba anifundishe. Nimejifunza mwenyewe, ukubwani, kwa aibu nyingi.

Leo nataka kuandika juu ya rangi inayopakwa sehemu ya chini ya mashua, ile inayokaa majini. Ni jambo dogo. Lakini ndani yake nilijikuta nikisema sentensi ambayo kwa zaidi ya miaka 10 nimekuwa nikiwakemea wengine kwa kuisema, na nadhani ni haki wasomaji wangu waijue.

Chombo chochote kikikaa majini kwa wiki chache huota utando. Baharini hali ni mbaya zaidi: vijidudu vyenye magamba huganda kwenye mbao kama chokaa, na wapo wengine wanaotoboa mbao kwa ndani hadi ubao ulio mzima kwa macho unavunjika kama mkate. Ndiyo maana mafundi wa pwani walikuwa na deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, waliyoipaka chini ya jahazi, na sifa, mafuta ya papa, waliyoipaka juu ya mstari wa maji. Anayeijua harufu ya sifa hahitaji kuelezwa. Huku kwetu maji ni baridi, hayana chumvi, na hao watoboaji hawapo. Tulicho nacho ni ukijani: mwani mwembamba unaoteleza, kisha mwani mrefu kama nywele, kisha konokono wadogo wanaokuja kuula.

Mvuvi wa dagaa hausumbukii sana. Mtumbwi wake huvutwa mchangani kila mara, na injini haiulizi kama tumbo la chombo ni safi. Tanga linauliza. Alasiri moja, nikiwa na binti yangu, upepo wa ziwani ulitushika karibu na miamba upande wa Capri Point. Wakazi wa Mwanza wanaujua upepo huo: mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na jioni huzidi nguvu. Ilinipasa nipige bisho ili nitoke. Nilisukuma usukani, mashua ikageuka nusu, ikasita, ikarudi ilikotoka. Nilijaribu mara tatu. Utando ulikuwa umeifanya nzito kama gogo lililolowa. Wavuvi wawili walitufungia kamba na kutuvuta, wakakataa malipo, na mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mashua yako ina ndevu." Binti yangu alicheka. Mimi sikulala vizuri usiku ule.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma juu ya rangi.

Rangi za kuzuia utando karibu zote hufanya kazi kwa namna moja: zina sumu, na zinaiachia majini polepole ili kiumbe kinachotaka kushika kife au kiondoke. Sumu iliyotumika zaidi ni shaba. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika manowari iitwayo Alarm mabamba ya shaba chini, na baada ya takriban miaka miwili baharini shaba ilionekana imeshinda utando, lakini misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeliwa vibaya. Baadaye shaba ilisagwa ikawa rangi. Katika miaka ya 1960 ikaja kemikali kali zaidi, ya jamii ya bati, iitwayo tributiltini. Ilisafisha meli kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Kisha katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wakaanza kuota makombe yaliyopinda na kuacha kuzaana, na kwingineko konokono wa kike wa baharini wakaonekana wakiota viungo vya kiume. Ufaransa iliipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuikomesha ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008. Hesabu hiyo, wanafunzi wangu: miaka 26 kati ya nchi ya kwanza kuona na dunia kukubali.

Shaba ikabaki. Na mimi nikanunua kopo la lita mbili na nusu, jekundu, Dar es Salaam, nikalipakia kwenye basi hadi Mwanza likiwa limezungushiwa magazeti.

Sasa nifike kwenye kosa. Shahada yangu ya uzamivu niliisomea Uswidi, katika mji wa Uppsala. Mto Fyris unakatiza katikati ya mji huo kama Mirongo unavyokatiza katikati ya Mwanza, na unaingia ziwa Mälaren, ambalo wakazi wa Stockholm hunywa maji yake. Nilikuwa na rafiki aliyemiliki mashua pale. Ndiye aliyeniambia kwamba mashua za starehe zinazokaa katika maziwa yao haziruhusiwi kupakwa rangi yenye sumu. Wanazitoa majini, wanazisugua kwa brashi, wanazirudisha. Nilimwona akifanya hivyo, na nilimsaidia mara mbili. Kwa hiyo sikununua kopo lile kwa ujinga. Nilinunua kwa sababu huku hakuna aliyenikataza dukani, na kwa sababu kusugua kunachosha.

Fundi niliyempata ni mzee aliyeunda na kutengeneza mitumbwi maisha yake yote, isipokuwa miaka michache ya ujana aliyofanya vibarua katika mashamba ya kahawa Kagera. Tuliilaza mashua ubavu juu ya magogo. Akakwangua, akachomoa pamba iliyooza katikati ya mbao, akapiga kalafati upya. Mimi nilifungua kopo na kulikoroga. Alichungulia, akanusa.

"Mwalimu, hii inafanyaje kazi?"

"Ina shaba, Mzee. Inatoka kidogo kidogo, ukijani unashindwa kushika."

"Kama mrututu."

"Naam, ndugu yake."

Mrututu aliujua vizuri. Waliupulizia kahawa dhidi ya magonjwa ya ukungu, na mikono yao ilibaki na rangi ya buluu hadi Jumapili. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, bila ubishi wowote, kama mtu anayeuliza njia:

"Na ikishatoka kwenye ubao, inakwenda wapi?"

Nikamjibu: "Ziwa ni kubwa, Mzee."

Akasema, "Haya," akaendelea na kazi.

Wasomaji wa muda mrefu wanafahamu kwamba nimeandika mara nyingi juu ya sentensi hiyo. Ndiyo sentensi ya mwenye kiwanda anayeelekeza bomba lake bondeni. Ndiyo ya mwenye nyumba ya mlimani anayesubiri mvua kubwa ili afungulie shimo la choo. Nimewahi kuitumia kama swali la mtihani. Na ilinitoka mdomoni kwa wepesi wa salamu.

Ziwa ni kubwa kweli, kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini ni sahani, si kisima: kina chake kwa wastani ni mita 40 hivi, na hata panapozidi kina hapafiki mita 90. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba na fupi ya kina kuliko ziwa lenyewe. Tena, sehemu kubwa ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kwa kuwa mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Nile pale Jinja. Maji hupanda mawinguni. Shaba haipandi. Haiozi wala haivunjiki ikawa kitu kingine kisicho na madhara. Inazama matopeni na kukaa. Na katika maji baridi yenye madini machache, viumbe wadogo huumizwa nayo kwa urahisi kuliko katika maji ya chumvi. Bomba la kuvuta maji ya kunywa ya jiji liko Capri Point. Kutoka pale ninapoegesha mashua, siku ya ukungu mdogo, ninaweza kuiona rasi ile.

Najua lita mbili na nusu hazitamuua mtu. Hiyo ndiyo hoja ya kila mmoja wetu, na kila mmoja wetu yuko sahihi akiwa peke yake.

Adhabu ya kwanza ilinijia upesi, na ilikuwa ya kiufundi. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza. Mbao zilikuwa na unyevu, na fundi alisema zisubiri. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na nilitaka kazi iishe wiki ile ile. Nilipaka tabaka la kwanza Ijumaa jioni, la pili Jumamosi, mvua ikanyesha usiku, Jumanne mashua ikawa majini. Kufikia mwisho wa Januari rangi ilikuwa imetunga malengelenge, kisha ikaanza kubanduka vipande vipande kama maganda ya muhogo. Vipande hivyo havikutoa sumu polepole kama kopo lilivyoahidi. Vilizama vyote kwa pamoja, palepale, kwenye maji ya futi tatu ambapo watoto wa mtaa wanaoga.

Ilibidi iliyobaki ikwanguliwe. Nikamlipa kijana mmoja wa mwaloni aifanye, nikampa msasa mkavu na kitambaa cha kufunga puani, nikaenda kufundisha. Mada ya siku ile, nisamehewe kicheko, ilikuwa haki za wafanyakazi wasio na mikataba. Niliporudi jioni kijana alikuwa mwekundu kuanzia kope hadi kucha. Alikohoa siku tatu. Vumbi la rangi ya namna ile halipaswi kabisa kuvutwa. Kopo lenyewe liliandika hivyo kwa herufi ndogo, katika lugha tano, na yule kijana hakuijua hata moja kati ya hizo. Mimi nilizijua mbili.

Nikaamua basi: hakuna sumu tena. Nilipaka rangi ngumu ya mafuta ya kawaida, ile inayopakwa mitumbwi, na tukakubaliana na kijana yule yule kwamba kila wiki mbili ataisugua mashua ikiwa majini. Anasimama maji yakiwa kifuani, anapitisha brashi chini ya mkuku, nusu saa kazi imekwisha. Nilijisikia mtu mwema. Nilihesabu hata fedha nilizookoa.

Mwezi wa Julai alikuja kunisalimia nyumbani Mirongo. "Shikamoo Mwalimu." Alikuwa amekonda. Tumbo lilikuwa likimuuma kwa wiki kadhaa, na choo chake kilikuwa na damu. Tukaenda naye kupima: kichocho cha tumbo. Akapewa vidonge vya praziquantel, akavimeza vyote kwa mkupuo, akatapika kidogo, akapona. Nilipoanza kuomba radhi alinishangaa. "Mwalimu, sisi wa majini nani hana kichocho?"

Siwezi kuthibitisha kwamba alikipata chini ya mashua yangu. Amezaliwa kando ya ziwa na ameoga humo tangu anatambaa. Lakini njia ya kichocho inajulikana, na Mwanza ni moja ya miji ambako imechunguzwa kwa miaka mingi. Mayai hutoka na kinyesi cha binadamu, huanguliwa majini, vijidudu huingia katika konokono, hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Konokono wenyewe hupenda maji tulivu ya kando yenye majani na ukijani. Yaani nilimweka mtu, kwa ujira wa shilingi elfu tano, asimame nusu saa mahali pale pale konokono wanapokula. Zamani, kabla ya dawa bora kupatikana, konokono hao waliuawa kwa mrututu uliomwagwa majini. Nilipolikumbuka hilo nilikaa kimya kwa muda. Shaba niliyoiacha kwa ajili ya ziwa pengine ingemkinga kijana kidogo. Na ukijani nilioulinda ulimlisha konokono. Sikuwa nimeiondoa gharama ya tanga langu. Niliitoa ziwani nikaiweka katika mwili wa mtu mwingine.

Na huo ukijani unalishwa na nani? Hapa inanibidi nirudi mtaani kwangu. Atakaye kujua asimame kwenye daraja lolote la mto Mirongo siku ya pili ya mvua. Utapita udongo wa milimani ambako nyumba zimepanda hadi kwenye majabali, zitapita chupa, zitapita sabuni, na yatapita yale ambayo harufu yake inatosha kuyataja. Vyote hivyo ni mbolea. Watafiti waliolinganisha maji ya ziwa ya miaka ya 1960 na ya miaka ya 1990 walikuta mwani umeongezeka mara kadhaa na maji yamepoteza uangavu. Furu, wale samaki wadogo ambao baba alisema walikuwa na rangi kama vitenge, walipungua kwa kuliwa na sangara, na pia kwa sababu katika maji yenye ukungu jike hawezi tena kumtambua dume wa aina yake. Mashua yangu iliota ndevu kwa chakula kinachoteremka kutoka Mirongo, pamoja na cha kwangu, kwa kuwa sabuni ya nyumba yangu haiendi mahali pengine. Nilisafirisha sumu kilomita zaidi ya 1,000 kwa basi ili kupambana na kitu ambacho mtaa wangu unakinenepesha kila siku.

Ninalofanya sasa ni lile ambalo wavuvi wamelifanya siku zote bila kuhitaji shahada. Kila wiki ya tatu tunaivuta mashua mchangani: magogo manne, watu sita, dakika kumi za kelele. Tunaisugua ikiwa juu, mbali na maji, na wote tuna viatu vya mpira, nami nikiwemo. Gharama ni shilingi elfu 30 kila mara, na nimepunguza safari ili niimudu. Rangi nilipaka upya mwezi wa Agosti, kiangazi. Mara hii nilimsikiliza fundi. Mashua ilikaa juu ya magogo wiki tatu chini ya turubai lililoachwa wazi pembeni upepo upite. Alinifundisha kubandika kipande cha nailoni kwenye ubao usiku mmoja: ukikuta matone ndani yake asubuhi, ubao bado unatoa maji, funga kopo urudi nyumbani. Tulitumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na turubai jingine chini ili makwanguo yasibaki mchangani. Tabaka la kwanza tulilipunguza uzito lipate kunywewa na mbao, mawili ya juu tukayaacha yakauke kila moja kwa siku yake. Hadi leo halijabanduka hata kipande.

Sidai kwamba njia hii inafaa kila chombo. Kivuko cha chuma hakivutwi na watu sita, na abiria wake hawawezi kusubiri. Kwa vyombo hivyo tunahitaji kanuni iliyoandikwa: rangi zipi ziruhusiwe katika ziwa tunalokunywa, nani apime, makwanguo yaende wapi, na mkwanguaji avae nini. Wanaofanya kazi katika ofisi zinazohusika, na najua mpo mnaosoma hapa, mnaijua namna ya kuanzisha mjadala huo kuliko mimi. Mipaka ya maji haya ni ya nchi tatu, kwa hiyo kanuni ya upande mmoja haitatosha.

Juzi fundi alipita nyumbani kuchukua patasi yake. Aliliona kopo jekundu stoo, chini ya ngazi, likiwa bado na nusu ya rangi. Kando yake yapo magunia mawili ya makwanguo na msasa uliotumika, nimeyafunga kwa waya. Siwezi kuyachoma, kwa kuwa moshi wake ni mbaya zaidi. Siwezi kuyaweka kwenye gari la taka, kwa kuwa najua vijana wanaochambua taka kwa mikono mitupu. Nimeuliza ofisi mbili. Ya kwanza ilinielekeza ya pili, na ya pili ilinishauri niyafukie shambani.

"Na haya, Mwalimu," akauliza fundi, "yanakwenda wapi?"

Nilimwambia bado natafuta. Msomaji anayejua mahali katika jiji hili panapopokea vitu vya namna hii kwa usalama aniandikie. Nitayapeleka mwenyewe.